Mgongo wa Mtakatifu Paraskevi

Thesaloniki, 14 Oktoba 1984

Mpendwa shangazi Hrisavgi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na yule mbuzi wako ametulia tangu ale mapazia ya Vangelio. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo wake mzima. Argyris anakusalimu sana. Amepata kazi ya kupima mitaro ya maji na kila jioni anarudi na matope mpaka masikioni. Kokwa za jozi ulizotutumia zilikwisha siku ya tatu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua unaanza barua kutoka mwisho.

Unajua kwamba mwaka wa sita huu natafuta wanawake waliochora ikoni, picha za watakatifu kwenye mbao, zama za Bizanti. Nimepata majina manne tu, na hayo ni majina matupu, hakuna hata ubao mmoja uliobaki wa kuonyesha. Profesa Samaras, mkuu wangu, hucheka kila nikiingia ofisini kwake. Anasema wanawake walisaga rangi na kuvunja mayai ya kuchanganyia, basi. Mwezi uliopita, kwenye makaratasi ya monasteri moja, nilikuta maneno haya: Mtakatifu Paraskevi wa Lithovuni alichorwa na Theodoti, binti wa Manouil mchoraji, mwaka ambao mikono ya baba yake ilianza kutetemeka. Lithovuni, shangazi. Ni ikoni yetu. Ile uliyoninyanyua kuibusu nilipokuwa na miaka mitatu.

Profesa anasema karatasi hiyo ni nakala ya nakala, na mnakili anaweza kuota ndoto. Anataka jina kwenye ubao. Mbele halipo. Kama lipo, liko mgongoni, na mgongo unatazama patakatifu, nyuma ya pazia. Nilipokuja Julai nilimwomba Padri Lambros. Aliniambia mwanamke haingii humo, tena aliyeolewa kwenye ofisi ya serikali kama anayekata leseni ya pikipiki. Nikamwomba aniangalizie yeye. Akasema kazi yake ni kondoo, si mbao. Nikimtuma Profesa atakwenda kesho yake asubuhi, na litakalopatikana litakuwa lake.

Wewe unaingia kila Jumamosi. Katika vijiji vitatu ni wewe peke yako uliyepewa baraka ya kufagia humo ndani. Nakuomba ubandue kile kitambaa chenye masizi nyuma ya ikoni unisomee kilichopo, hata kama ni nusu ya neno. Mei tunafungua maonyesho ya wachoraji saba wanawake wa leo, na kitabu changu kitatoka pamoja nayo. Nataka ukurasa wa kwanza uwe wa Theodoti.

Nakubusu mikono,
Evanthia


Lithovuni, 2 Desemba 1984

Evanthia mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mbuzi mzima, theluji imefika kwenye dirisha la zizi. Usiniulize kwa nini nimechelewa. Miwani yangu ilivunjika, barua yako nikasomewa mlangoni na Kosmas wa posta, naye anasoma kama anayetafuna changarawe. Kwa hiyo sasa kijiji kizima kinajua kwamba ikoni yetu ilichorwa na msichana. Wazee kahawani wamegawanyika. Stathis seremala anasema haiwezekani kwa sababu pua imenyooka.

Vangelio alioka pita, mkate uliojazwa mboga za mwituni, akasahau chumvi. Nilikula vipande vitatu kwa heshima ya mume wake padri. Ngano ya kumbukumbu ya marehemu mjomba wako niliipika vizuri, nikaipamba kwa lozi. Miaka thelathini na moja tangu anitoke, na miaka thelathini na moja nafagia kanisa. Ufunguo wake umeniachia alama kiunoni.

Kuhusu hilo jambo lako, nitaangalia baridi ikipungua. Humo ndani siku hizi giza, na padri hapendi mishumaa karibu na vitambaa. Halafu jiulize na wewe, mwanangu. Ikiwa huyo Theodoti alitaka kujulikana, kwa nini ajiandike mgongoni? Mimi nimefua kanzu za mapadri watano na sijaandika jina langu kwenye hata moja.

Msalimie Argyris. Mwambie avae soksi mbili.

Shangazi yako,
Hrisavgi


Thesaloniki, 20 Desemba 1984

Mpendwa shangazi,

Shikamoo, na heri ya Krismasi mapema. Mama amekuwekea soksi za sufi kwenye kifurushi hiki, pamoja na miwani. Nimeinunua kwa kukisia. Kama haikufai nieleze nikubadilishie.

Barua yako imenichekesha na kunitia wasiwasi. Mistari yako inapanda mlima. Sentensi ya soksi umeiandika juu ya sentensi ya kanzu, nikaisoma kwa kuishika dirishani. Ulikuwa unaandika gizani?

Umeniuliza kwa nini ajiandike mgongoni. Kwa sababu mbele wasingemruhusu. Rafiki yangu Despina, mmoja wa wale saba, amechora mama yake akifua nguo, turubai kubwa kama mlango, na jina lake ameliandika kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono wangu. Watu wanasema ni majivuno. Mimi nilipoliona nililia, maana nilimkumbuka huyu mwingine aliyejificha miaka mia sita, na kila anayepita anambusu mtakatifu wake bila kumjua. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nataka awepo, shangazi.

Mpiga chapa anataka kurasa kabla ya mwisho wa Machi. Na mkataba wangu chuoni unaisha Juni. Profesa amesema waziwazi kwamba bila ubao hakuna Theodoti, na bila Theodoti haoni kwa nini idara inihitaji. Sikutaka kukubebesha mzigo huu, lakini sina mwingine wa kumtwisha.

Wako,
Evanthia


Lithovuni, 25 Februari 1985

Evanthia,

Mimi mzima. Miwani nimeipata, Mungu akubariki, inanifaa sana. Mama umwambie soksi ni nzuri ila moja ndefu kuliko nyingine, kama mahari ya dada wawili. Theluji inayeyuka, njia ya chini imekatika, Kosmas anakuja mara moja kwa wiki.

Nimeangalia. Jumamosi iliyopita nilibandua kitambaa chote na nikawasha mshumaa. Hakuna kitu. Ni ubao mtupu, masizi, na vijia vya wadudu. Nimeangalia juu mpaka chini. Nasikitika, mwanangu.

Padri anasema mbao imebunguliwa vibaya, itabidi Stathis aishughulikie kabla ya Pasaka isije ikamwangukia mtu.

Hukumtaja Argyris kwenye barua yako. Amekasirika nini tena?

Shangazi yako


Thesaloniki, 11 Machi 1985

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Asante kwa kuangalia. Najua umepanda kile kigoda cha patakatifu na magoti yako yale.

Nilimwambia Profesa jana. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinimiminia kahawa, akaniambia, "Bibi Evanthia, kutafuta usichokipata nako ni kazi." Nimetoa ukurasa wa kwanza. Sasa kitabu kinaanza na sura ya pili, na mpiga chapa ameomba muda mpaka Septemba, kwa hiyo maonyesho yamesogezwa.

Nakuuliza mara moja tu, halafu sitakuuliza tena. Una uhakika?

Argyris hajambo. Ana kazi nyingi.

Evanthia


Thesaloniki, 19 Juni 1985

Shangazi, shangazi, shangazi,

Shikamoo. Hukunijibu ile ya Machi, nami nilinuna, nisamehe. Mama hajambo, wote hawajambo, salamu nitazimalizia mwisho.

Nimepata karatasi ya pili. Hii si nakala. Ni daftari la mtawa aliyekuwa msimamizi wa monasteri, kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe ipo. Ameandika kwamba binti wa Manouil alichonga jina lake kwa kisu mgongoni mwa Mtakatifu Paraskevi bila idhini. Akakemewa mbele ya watu, akapewa siku arobaini za kufunga. Lakini jina wakaliacha, kwa sababu ni kosa kukwangua mbao takatifu. Sikiliza hilo, shangazi. Walitaka kulifuta, na ni utakatifu uleule waliomkataza nao uliomlinda.

Kama lilichongwa kwa kisu, basi masizi yamelijaza. Ndiyo maana hukuliona! Si kosa lako hata kidogo. Mtu mwenye macho ya miaka ishirini angelipita. Nimepeleka karatasi hii kwenye idara ya mambo ya kale na safari hii wamenikubalia. Mkaguzi atafika Lithovuni tarehe mosi Agosti, mwanaume, mwenye barua ya askofu, na taa maalumu ya kuangazia kutoka ubavuni. Profesa ameniongezea mkataba mpaka Septemba aone mwisho wake. Ukurasa wa kwanza nimeurudisha.

Nakuomba jambo moja tu: mpaka tarehe hiyo, mtu yeyote asiuguse ubao huo. Hata Stathis. Mwambie Padri nimekubali anifungishe ndoa ya kanisani nikiwa nimevaa gunia, mradi asiuguse.

Nakubusu mikono yote miwili,
Evanthia wako


Lithovuni, 27 Julai 1985

Mpendwa Evanthia,

Anayeandika ni Vangelio, mke wa padri. Maneno ni ya shangazi yako, na ameniapisha niandike kama anavyosema, nisipambe. Yuko hapa jikoni kwangu. Anasema kwanza nikuambie hajambo. Hajambo kwa maana ya kupumua.

Anasema:

Evanthia mwanangu, jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Paraskevi, mponya macho. Watu walikuja hata kutoka mji wa Ioanina kumletea macho ya bati na macho ya fedha, wakayatundika kwa utepe kama kila mwaka. Yangu yapo hapo tangu mwaka juzi. Niliyatundika Jumatatu, kanisa likiwa tupu, yasionekane ni ya nani.

Mimi sioni, mwanangu. Kwanza nuru iliondoka pembeni, kisha giza likaja katikati. Oktoba nilikuwa bado naona mwanga wa dirisha. Ile miwani uliyonitumia ni nzuri, nimeivaa kila siku. Mwezi huu Vangelio alinipeleka kwa daktari Ioanina. Akasema ni presha ya macho, na ningekuja miaka mitatu nyuma angeniokolea jicho moja. Miaka mitatu nyuma nilikuwa namwomba mtakatifu. Niliona aibu kufagia nyumba yake ya kuponya macho kisha nikapange foleni kwa daktari wa macho.

Mpaka mwezi huu sikumwambia mtu. Kufagia hakuhitaji macho ukishajua sakafu. Lakini padri angejua angempa baraka hiyo mtu mwingine, na ufunguo ungeondoka kiunoni mwangu, nami ningebaki ajuza wa kupelekewa supu. Ulipoandika, ningekuambia nini? Nilisubiri miwani iwe kisingizio, ukaniletea miwani. Nikasubiri theluji, ikayeyuka. Nikakuandikia kwamba nimeangalia. Sikuwa nimeangalia chochote. Sikubandua hata kitambaa.

Juma Takatifu Stathis aliishusha ikoni akailaza kifudifudi kwenye meza ya mikate. Alikuwa amenoa randa. Padri alikuwa anaungamisha watu nje. Stathis hajui kusoma, unamjua, aliniita. Aliniambia, "Bibi Hrisavgi, wewe umesoma mpaka darasa la nne. Hii mikwaruzo ina maana yoyote, au nipige tu?"

Nikaweka mkono.

(Evanthia, hapa amenituma nikapakue maharage. Nimepakua, nimerudi, anapapasa meza kwa vidole. V.)

Kilikuwa kitu cha duara, mwanangu. Duara, na mstari umekatiza katikati. Kando yake kulikuwa na mingine, imesimama imenyooka. Mdudu hatembei hivyo. Nilijua. Vidole vyangu siku hizi vinajua kuliko zamani. Lakini ningesema ni maandishi, Stathis angesema nisomee, na padri angeingia aseme nisomee, na wewe nilikuwa nimeshakuandikia kwamba hakuna kitu. Wote wangejua kwa mara moja, kwamba sioni na kwamba nimesema uongo. Nikamwambia, "Vijia vya wadudu. Piga."

Akapiga randa mpaka mbao ikanukia kama mpya. Maranda ni ya mbao takatifu, hayatupwi. Niliyakusanya mwenyewe kwenye aproni, nikawashia tanuri la mkate wa madhabahu. Majivu niliyamwaga chini ya mrehani kama inavyotakiwa. Mkate ulipanda vizuri. Padri aliusifu.

Barua yako ya Juni Kosmas alinisomea mlangoni. Aliposoma kwamba si kosa langu hata kidogo nilimwambia inatosha, nikafunga mlango. Mwezi mzima nimetafuta namna ya kukuambia. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi kimeniumbua nikiwa hai. Leo asubuhi nimempa padri ufunguo. Hakunigombeza. Alisema, "Pumzika, bibi," na sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole siuwezi.

Sikuombi unisamehe. Usije, njia mbaya.

Hrisavgi

Mimi Vangelio naongeza la kwangu. Lambros ameambiwa yote na hajala tangu asubuhi. Anasema miaka kumi na tisa amesimama mbele ya mgongo ule kila Jumapili, na hakuwahi kunyanyua kile kitambaa.


Thesaloniki, 9 Septemba 1985

Mpendwa shangazi Hrisavgi,

Shikamoo. Vangelio, msomee polepole, na usipunguze kitu.

Mama hajambo. Ameambiwa habari za macho yako, amelia siku mbili, sasa amekasirika na anataka uhamie kwetu. Chumba kipo. Kimekuwepo tangu Januari, Argyris alipoondoka. Sikukuambia. Uliniuliza nami nikajibu ana kazi nyingi, kwa hiyo sina kiburi cha kukufundisha kusema ukweli.

Mkaguzi alifika tarehe mosi Agosti kama ilivyopangwa, hujamsahau, anasema ulimpa kahawa na pita. Aliwasha taa yake. Alikuta mbao safi iliyorandwa vizuri na vigongo viwili vipya vya Stathis vya kuushikilia ubao. Ameandika kwamba kazi ya useremala ni nzuri.

Nilikwenda kwa Profesa na habari ya kidole chako. Nilimwambia duara na mstari katikati, yaani theta, herufi ya kwanza ya Theodoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kidole cha bibi asiyeona, miezi mitatu baadaye. Na hata angeiona, ni herufi moja. Neno Theos, Mungu, nalo linaanzia hapohapo." Hakuwa na ubaya. Lile daftari la mtawa amelikubali, ila anasema linathibitisha kwamba kulikuwa na msichana aliyekemewa, haliwezi kuthibitisha alichochora. Huenda alichonga jina tu kwenye kazi ya baba yake, kwa utundu. Ndivyo itakavyosomwa sasa. Kabla sijamtafuta alikuwa hajulikani. Nimemtafuta, na amekuwa mtundu.

Nimekukasirikia, shangazi. Niliposoma barua yako nilitoka nikatembea mpaka bandarini na sikumbuki njia niliyopita. Nakupenda pia, lakini leo hasira ndiyo iliyo karibu, na kwa kuwa barua hii inasomwa na mtu mwingine kwa sauti, siwezi kukuambia yote. Najua ulichokuwa unalinda. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia mle ndani na ulikuwa umeushika wewe. Mimi ningekuwa wewe huenda ningesema "piga" vilevile. Hilo ndilo linalonizuia kulala.

Maonyesho yalifunguliwa jana. Turubai ya Despina imetundikwa mlangoni na watu wanapiga picha karibu na jina lake. Ukurasa wa kwanza nimeutoa mara ya pili. Ikoni yetu imebaki ndani, kwa sababu picha ilikuwa imeshachapwa, na Profesa alitaka iwe na maelezo mafupi kama nyingine zote. Habari ya kidole chako niliiandika chini kwa herufi ndogo. Aliikata kwa mstari. Nikaandika upya anavyotaka, kwa sababu mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa na kwa sababu mwanahistoria huandika kinachoonekana. Hata hivyo mkataba haukuongezwa.

Nakunukulia, ujue kilichochapwa:

"Mtakatifu Paraskevi, Lithovuni. Karne ya kumi na nne. Inadhaniwa ni kazi ya Manouil. Nyuma: hakuna maandishi."

Na chini yake, kama sheria ya kitabu inavyotaka, kuna jina la aliyeandika. Ni langu, shangazi. Jina kamili.

Evanthia